Nchi ikijitoa kwenye jumuiya, biashara inakuwaje? Maswali ya wafanyabiashara wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa wanaoishi kwa kuvusha mizigo Namanga, Holili na Tarakea: wakulima wanaouza nje, wenye viwanda vidogo, mawakala wa forodha na wenye magari. Haukuandikwa kwa sababu kuna nchi iliyofunga virago. Swali hili huibuka kila mpaka unapokwama siku mbili, na kila wakubwa wanapotupiana maneno. Majibu mengi yanayozunguka mitaani yamejaa hofu au ushabiki, na yote mawili hayamsaidii mtu mwenye tani kumi za vitunguu barabarani.

Nchi inaweza kuamka asubuhi na kujitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Kisheria, hapana. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, inadai mambo mawili. Kwanza, bunge la nchi hiyo lipitishe azimio kwa kura zisizopungua theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Pili, Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Ndani ya miezi hiyo nchi inaweza kubadili mawazo na kuifuta taarifa yake, lakini wakati wote huo inaendelea kutimiza wajibu wake kama mwanachama. Kwa hiyo ushuru haubadiliki siku ya tangazo.

Kuna kifungu kingine ambacho wanaopigia debe kujitoa hawakitaji: anayeondoka hana haki ya kudai mali za Jumuiya. Madeni na ahadi za muda mrefu alizoingia akiwa ndani, hayo anabaki nayo.

Ni kitu gani hasa kinachobadilika mpakani?

Inategemea nchi imetoka kwenye tabaka lipi, kwa sababu muungano wa kiuchumi una matabaka. Eneo huru la biashara huondoa ushuru kati ya wanachama, na kila mmoja hubaki na ushuru wake kwa wageni. Umoja wa forodha huongeza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Wa kwetu ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Soko la pamoja huongeza watu, huduma na mitaji, na la kwetu lilianza Julai 2010. Sarafu moja tumeiandikia itifaki mwaka 2013 na bado haijafika mfukoni.

Nchi inaweza kutoka kwenye tabaka moja na kubaki kwenye jingine. Tanzania yenyewe ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini bima ya magari ya mpango huo, ile kadi ya njano ambayo kila dereva wa semi anaijua, inaendelea kutumika hapa nchini. Kwa hiyo ukisikia "nchi fulani inatoka", swali la kwanza la mfanyabiashara ni: inatoka wapi, na inabaki wapi?

Kuna kazi nyingine isiyoonekana. Forodha ya Tanzania, Kenya na wenzao inaendeshwa kwa sheria moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Anayetoka inabidi aandike sheria yake ya forodha na kitabu chake cha viwango vya ushuru, aweke utaratibu wake wa dhamana za mizigo inayopita, na abadili mifumo ya kompyuta. Hapo ndipo miezi kumi na miwili inapoonekana michache.

Ushuru utakuwa kiasi gani?

Pasipokuwa na mkataba mpya, anayeondoka anatozwa kama mgeni mwingine yeyote. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: 0% kwa malighafi na mitambo mingi, 10% kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25% kwa bidhaa zilizokamilika, na 35%, iliyoanza Julai 2022, kwa bidhaa ambazo ukanda unasema unazizalisha vya kutosha. Zaidi ya hapo kuna orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vyake vya juu.

Tuchukue bidhaa ya kiwandani kutoka Moshi inayouzwa Nairobi, iko kwenye ngazi ya 25%, na thamani yake mpakani ni shilingi za Kenya 1,000,000.

Ndani ya Jumuiya, ikiwa na cheti cha uasili (kinachothibitisha kwamba imezalishwa ndani ya Jumuiya): ushuru 0, VAT ya 16% ni 160,000.

Nje ya Jumuiya: ushuru 250,000. VAT sasa inapigwa juu ya 1,250,000, yaani 200,000. Jumla 450,000.

Tofauti ni 290,000, sawa na 29% ya thamani ya mzigo na wala si 25%. Watu wengi husahau kwamba kodi hupigwa juu ya ushuru. Wengine husahau upande wa pili: VAT ilikuwepo hata kabla ya kuondoka, maana kuwa mwanachama hakufuti VAT wala ushuru wa bidhaa (excise). Anayekwambia mizigo ya Jumuiya "haina kodi" hajawahi kukomboa mzigo.

Kwa hiyo tatizo kubwa ni ushuru?

Kwa mwenye bidhaa ya 35%, ndiyo. Kwa walio wengi, hapana. Ushuru unajulikana mapema na unaingizwa kwenye bei. Kinachoua biashara ni uasili wa bidhaa, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu hata kiwanda kilicho kwenye nchi iliyobaki kinaweza kuumia.

Bidhaa hupata unafuu wa Jumuiya ikiwa imezalishwa yote ndani ya ukanda, kama mahindi au ng'ombe, au ikiwa malighafi ya kigeni iliyomo haizidi kiwango kilichowekwa. Kwa bidhaa nyingi kiwango hicho ni 70% ya bei ya kiwandani. Malighafi ya nchi mwanachama haihesabiwi kuwa ya kigeni.

Fikiria kiwanda cha Arusha kinachouza bidhaa yake kwa bei ya kiwandani ya shilingi 10,000. Ndani yake kuna malighafi ya Kenya ya 5,000 na ya China ya 2,500. Leo ya kigeni ni 2,500 tu, sawa na 25%, na bidhaa inavuka kwenda Kampala au Kigali bila ushuru. Kenya ikitoka, malighafi yake inageuka ya kigeni kwa siku moja: 7,500 kati ya 10,000, yaani 75%. Bidhaa imepoteza uasili. Kiwanda hakijahama, wafanyakazi ni walewale, mashine ni zilezile, lakini mteja wa Kampala sasa anadaiwa ushuru. Mwenye kiwanda ana njia tatu: atafute malighafi nyingine ndani ya ukanda, aongeze kazi inayofanyika hapa ili thamani ipande, au aombe serikali ijadili kifungu cha kuihesabu malighafi ya jirani aliyetoka. Hiyo ya tatu huchukua miaka.

Piga hesabu hiyo sasa hivi kwa kila bidhaa yako. Anayejua asilimia zake anaweza kuamua chochote. Asiyezijua atajulishwa na ofisa wa forodha, tena mzigo ukiwa umeshafika.

Mimi nina biashara ndogo, navusha kwa Fuso. Yananihusu?

Yanakuhusu zaidi kuliko kiwanda kikubwa. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya wana utaratibu rahisi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachogongwa muhuri palepale mpakani, bila kulazimika kumlipa wakala. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni tano. Utaratibu huo ni mali ya Jumuiya, na ukitoka unauacha nyuma.

Badala yake unarudi kwenye tamko kamili la forodha kupitia wakala mwenye leseni. Gharama ya wakala haipungui sana kwa sababu mzigo ni mdogo, kwa hiyo uzito wake kwa kila kilo ni mkubwa kwa Fuso kuliko kwa semi. Matokeo yake yanajulikana katika mipaka yote: wadogo wanauza mzigo kwa dalali mkubwa upande huu wa mpaka kwa bei ya kutupa, au wanaingia njia za panya. Njia za panya zina gharama zake pia, na hakuna stakabadhi.

Hata leo, cheti rahisi kinaondoa ushuru tu. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea kwa mazao, wala alama ya ubora kwa vilivyosindikwa. Wengi hukwama Namanga kwa kudhani karatasi moja inatosha.

Mzigo wa pamoja, yaani watu saba lori moja, utavuka?

Utavuka taratibu. Uingereza ilijifunza hili Januari 2021, ilipomaliza kipindi cha mpito cha kutoka Umoja wa Ulaya: malori yaliyobeba samaki na vyakula vya wauzaji wengi yalikwama kwa sababu karatasi ya mmoja ilikuwa na kosa. Ofisa hafungui lakiri (muhuri wa kufungia gari), akaruhusu magunia sita na kuzuia la saba. Anazuia gari zima.

Ukibeba mzigo mchanganyiko, teua mtu mmoja wa kukagua nyaraka zote kabla ya kupakia. Alinganishe jina la mwenye mzigo na TIN yake, uzito ulioandikwa na uzito wa mizani, maelezo ya bidhaa kwenye ankara na kwenye cheti cha afya ya mimea (mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, wako Arusha, na ukaguzi wao hufanywa kabla gari halijafungwa). Kosa la kawaida ni kuandika "mboga" kwenye ankara na "hoho" kwenye cheti. Panga mazao yanayoharibika haraka karibu na mlango, ili ukaguzi ukifanyika usilazimike kushusha kila kitu.

Kahawa ya Moshi, maua na parachichi vinaenda Ulaya. Vinaguswa vipi?

Kahawa mbichi haiguswi sana. Umoja wa Ulaya hautozi ushuru kwa kahawa isiyokaangwa, itoke popote. Ile iliyokaangwa hutozwa 7.5% kwa asiye na unafuu, na hapo ndipo anayetaka kuongeza thamani anapaswa kuangalia mikataba.

Maua yanaguswa. Ushuru wa Ulaya kwa waridi bila unafuu ni 8.5% au 12% kutegemea msimu. Tanzania hailipi, kwa sababu imo kwenye mpango wa Ulaya kwa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, ule wa kila kitu isipokuwa silaha. Unafuu huo umefungwa kwenye hali ya nchi, haukufungwa kwenye uanachama wa Jumuiya, kwa hiyo kutoka Jumuiya peke yake hakuuondoi. Kenya haimo kwenye kundi hilo, hivyo inategemea mkataba. Mkataba wa Jumuiya nzima na Ulaya ulipochelewa, Kenya ilitozwa ushuru kuanzia 1 Oktoba 2014 hadi karibu na Krismasi. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini, Tanzania ikakataa, na mwishowe Kenya ikaingia mkataba wake peke yake, ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Na Uingereza nayo, kwa kuwa ilishatoka Ulaya, ililazimika kusaini mkataba mwingine na Kenya Desemba 2020. Jirani mmoja kutoka kwenye umoja wake kulimzalishia mtu wa tatu, mwenye shamba la maua Naivasha, makaratasi mapya.

Kinachowasumbua watu wa Arusha ni njia. Sehemu kubwa ya maua na mboga za kaskazini husafirishwa kwa barabara kupitia Namanga hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, na baadhi ya mizigo ya makontena hupitia Mombasa. Ukitoka kwenye umoja wa forodha, mzigo huo unakuwa wa kupita nchi ya kigeni: unahitaji dhamana, lakiri na tamko la mizigo inayopita. Waridi huhesabu saa. Saa nne za ziada kwenye foleni bila ubaridi hupunguza siku za maua kwenye chombo cha mteja, na mnunuzi wa mnada hupunguza bei. Kwa hiyo, kabla ya kujadili asilimia za Brussels, jadili saa za Namanga. Mwenye uwezo apime uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na Dar es Salaam kama njia ya akiba, kwa hesabu kamili: nauli ya ndege, nafasi iliyopo kwa wiki, na chumba cha ubaridi.

Mwaka 1977 ilikuwaje?

Jumuiya ya kwanza, iliyoanza Desemba 1967 na makao yake hapa Arusha, ilikufa mwaka 1977. Shirika la ndege la pamoja lilivunjika mapema mwaka huo, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983.

Miaka sita na zaidi ya mpaka uliofungwa ndiyo iliyoumiza, kuliko kuvunjika kwenyewe. Mizigo ya Kenya kwenda Zambia ilipoteza njia. Utalii ulibadilika sura: wageni waliokuwa wakitua Nairobi na kushuka Serengeti walikatwa, Tanzania ikalazimika kuutumia uwanja wa KIA uliofunguliwa 1971, na lango la Bologonja kati ya Serengeti na Masai Mara halijarudi kuwa njia ya watalii mpaka leo. Kile kilichofungwa kwa amri ya siku moja huota mizizi.

Mgawanyo wa mali ulisimamiwa na mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na ukasainiwa Arusha Mei 1984: Kenya 42%, Tanzania 32%, Uganda 26%. Miaka saba kugawana mabehewa, ndege na madeni. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilinusurika, kama ilivyonusurika taasisi ya mafunzo ya uongozi hapa Arusha inayoitwa sasa ESAMI. Zilikuwa na kazi ambayo kila mmoja bado aliihitaji.

Mfano wa Uingereza unatufundisha nini, ukiacha siasa?

Walipiga kura 23 Juni 2016. Usiku uleule pauni ilishuka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.35, kabla hata kifungu kimoja cha sheria hakijabadilika. Taarifa rasmi ilitolewa Machi 2017, wakatoka 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba 2020. Mkataba wa biashara ulisainiwa siku moja kabla. Yaani wafanyabiashara walijua masharti yao zikiwa zimebaki siku chache.

Mkataba huo hauna ushuru wala mgawo kwa bidhaa zenye uasili. Hata hivyo, ofisi huru ya bajeti ya Uingereza imekuwa ikikadiria kwamba biashara ya nchi hiyo na nje itakuwa pungufu kwa 15% kuliko ingebaki ndani, na tija ya uchumi pungufu kwa 4% kwa muda mrefu. Ushuru sifuri, na bado kuna pengo. Ukitaka kuelewa kwa nini tunasisitiza makaratasi, ni hapo.

Jambo la pili ni ukaguzi. Uingereza ilitangaza mara kadhaa tarehe ya kuanza kukagua mimea na vyakula kutoka Ulaya, ikaahirisha, mpaka ikaanza kwa hatua mwaka 2024. Waliojiandaa kwa tarehe ya kwanza walilipia maandalizi bure. Wasiojiandaa kabisa walikamatwa na ya mwisho. Usiajiri watu wala kukodi ghala kwa tarehe ya gazeti. Subiri tangazo la gazeti la serikali.

Kuna waliotoka wakasalimika?

Wapo, na wanafanana kwa jambo moja: walikubaliana masharti ya baadaye kabla ya kufunga mlango. Greenland ilitoka Jumuiya ya Ulaya 1985 baada ya kura ya 1982. Ilikuwa na samaki ambao Ulaya iliwataka. Ikauza haki ya kuvua na kubaki na soko lisilo na ushuru. Czech na Slovakia ziligawana nchi 1 Januari 1993. Zilipanga kuendelea na sarafu moja kwa miezi kadhaa, ikashindikana ndani ya wiki sita na noti zikabandikwa stempu ili zitofautishwe, lakini umoja wa forodha kati yao haukuguswa mpaka zote mbili zilipoingia Umoja wa Ulaya 2004. Viwanda havikusimama.

Mifano mibaya ni ya waliotoka kabla ya kumaliza mazungumzo ya njia na fedha. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011 ikiwa na mafuta, lakini bomba lilipita Sudan. Ugomvi wa ada ya bomba ukaifanya isimamishe uzalishaji Januari 2012 mpaka Aprili 2013, wakati karibu mapato yote ya serikali yalikuwa ya mafuta hayo. Eritrea ilijitenga na Ethiopia 1993 na kuendelea kutumia birr. Ilipotoa nakfa Novemba 1997, Ethiopia ikataka biashara ya mpakani ilipwe kwa fedha za kigeni. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na mizigo ya Ethiopia iliyokuwa ikipitia Assab ikahamia Djibouti. Assab ilikuwa bandari yenye kazi, ikabaki na gati tupu.

Mali, Burkina Faso na Niger ni habari ya karibuni: zilitangaza kutoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2024, zikatoka rasmi 29 Januari 2025, na Machi zikaweka tozo ya 0.5% kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje ya kundi lao. Zimebaki kwenye umoja wa faranga ya CFA, ambao nao ni umoja wa forodha, kwa hiyo bidhaa za Senegal na Côte d'Ivoire hazijakatika. Nchi zisizo na bahari haziwezi kufanya ubabe na bandari zote kwa wakati mmoja.

Shilingi itaanguka?

Sarafu huwa ya kwanza kutikisika, kwa sababu wenye fedha hawasubiri tarehe ya sheria. Anayeuza kwa dola hufurahi miezi ya mwanzo, kisha mbolea, dawa, mafuta na vipuri hupanda, faida ikayeyuka. Asiye na mapato ya dola asikope kwa dola katika kipindi hicho, hata riba ikivutia.

Kubaki ndani kunatosha kutulinda?

Hapana, na tusidanganyane. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wote wakiwa wanachama. Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti: mwagizaji aliyesajiliwa, cheti cha uasili, na kipimo cha sumukuvu kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna tangu Februari 2019 hadi Januari 2022. Tofauti ya mwanachama na asiye mwanachama ni kwamba mwanachama ana mahali pa kulalamikia, ikiwemo mahakama ya Jumuiya hapa Arusha. Mzigo wa nyanya hausubiri hukumu, lakini kiwanda kinaweza kusubiri.

AfCFTA si itatuokoa?

Itasaidia kidogo na polepole. Eneo huru la biashara la Afrika (AfCFTA), lililosainiwa Kigali Machi 2018, linaondoa ushuru kwa 90% ya aina za bidhaa, na nchi zilizo nyuma kimaendeleo zina miaka kumi ya kufika hapo. Tatizo ni kwamba Jumuiya yetu iliwasilisha ratiba yake kwa pamoja. Anayetoka itabidi aandae ratiba yake mwenyewe na kukubaliwa na wengine. Kanuni za uasili nazo ni tofauti na zetu.

Taarifa ya kujitoa ikitolewa leo, nifanye nini ndani ya miezi kumi na miwili?

Mwezi wa kwanza, orodhesha bidhaa zako kwa namba za ushuru wa forodha, tarakimu zote nane. Namba ikikosewa, hesabu zote zinazofuata ni bure. Mbele ya kila namba andika kiwango ambacho mgeni analipa leo. Hicho ndicho kisio lako la hali mbaya.

Kisha hesabu uasili, kama tulivyoonyesha, na uwaombe wauzaji wako wa malighafi tamko la maandishi la asili ya bidhaa zao. Wengi hawana, na kulipata huchukua wiki.

Kisha mikataba. Tafuta mahali panaposema nani analipa ushuru mpya ukizuka katikati ya mkataba. Mara nyingi pako wazi, na aliyeahidi kufikisha mzigo hadi ghala la mnunuzi "kodi zote zimelipwa" ndiye hubaki na mzigo wa ushuru. Bora uuze kwa masharti kwamba mnunuzi anakomboa mwenyewe, au weka kifungu cha kurekebisha bei.

Mtaji wa kuzungushia nao unasahaulika. Kwa mfano wetu wa juu, malori manne kwa mwezi ni shilingi za Kenya 1,160,000 za ziada zinazolipwa kabla mzigo haujauzwa. Ukimpa mteja siku 30, unahitaji fedha hizo mkononi au benki, na benki hupunguza mikopo hasa wakati huo. Zungumza nao mapema.

Kulimbikiza mali kwenye ghala la upande wa pili kunafaa kwa saruji na vyandarua, kwa parachichi hakufai. Nafasi za ghala hupanda bei wote wakifikiria jambo moja.

Mji wa Arusha utapoteza nini?

Ikiwa anayetoka ndiye mwenyeji, makao ya Jumuiya, bunge lake na mahakama yake haviwezi kubaki kwa muda mrefu. Yaliyokuwa majengo ya Jumuiya ya kwanza yakawa kituo cha mikutano cha AICC mwaka 1978, na kuanzia 1995 mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikayapa uhai kwa miaka ishirini. Mwanya kati ya mpangaji mmoja na mwingine ulikuwa mrefu, na wenye nyumba za kupanga, teksi na hoteli ndio wanaoulipia.

Mzigo uliokuwa njiani siku ya kuondoka unahesabiwaje?

Mkataba wa kujitoa ukiandikwa vizuri, mzigo ulioanza safari kabla ya saa ya mwisho unamaliza safari kwa kanuni za zamani. Uingereza na Ulaya walikubaliana hivyo. Kinachotakiwa ni ushahidi wa siku ya kuondoka: hati ya usafirishaji yenye tarehe, muhuri wa forodha wa kutokea, na cheti cha uasili kilichotolewa kabla ya siku hiyo. Pasipokuwa na kifungu hicho, kinachohesabiwa ni tarehe ya kusajili tamko la kuingiza mzigo, na dereva aliyelala Longido, kabla ya kufika Namanga, anaamka na ushuru mwingine.